Karwirwa Hasalimii Wagonjwa

Wauguzi wapya walipofika katika hospitali ile ya upande wa Embu, walionywa mapema na wenzao: Sista Karwirwa hasalimii wagonjwa. Hupanda nyuma ya ambulensi, akamkazia macho mtu aliyelala kwenye machela kama mnunuzi anayekagua ng'ombe mnadani, halafu akamuuliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. Jana ulikula nini? Mlango wa nyumba yako unatazama wapi? Mtoto wako wa mwisho anasumbua nani shuleni? Ndugu wa wagonjwa walinong'onezana kwamba mwanamke huyu hakufunzwa adabu kwao Meru.

Lawama hiyo haikuwa ndogo. Katika milima ile mtu anaweza kukusamehe ukimkosea mpaka wa shamba, lakini ukimpita bila kumjulia hali, habari zako zitafika nyumbani kabla yako. Na salamu ina jibu lake. Shuleni watoto hufundishwa kusema "nzuri", nao huiandika hivyo kwenye mtihani wakapata alama, lakini wakitoka nje ya lango husema kama baba zao: mzuri. Habari ya nyumbani? Mzuri. Habari ya kazi? Mzuri. Majani ya chai yameungua kwa baridi, mume amelala hospitali, mvua imekataa, na bado ni mzuri, tunashukuru Mungu. Hakuna anayedanganya. Neno hilo si taarifa ya hali ya mtu. Ni mlango anaoufungua ili mgeni aingie.

Karwirwa mwenyewe alikuwa akiwasalimia wagonjwa vizuri sana, mpaka siku aliyompeleka Mzee Gichovi Meru.

Alizaliwa Kaaga, pembeni mwa mji wa Meru, mahali ambapo asubuhi hutawaliwa na kengele za shule, hii ikinyamaza ile inaanza. Mama yake, Cicily, alikuwa matron wa bweni katika shule moja ya wasichana. Kazi ya Cicily ilikuwa kutenganisha msichana mwenye malaria na msichana mwenye mtihani wa hesabu, na wote wawili huja na uso uleule. Hakuwahi kubishana nao. Aligusa shingo kwa mgongo wa kiganja, akavuta kope la chini kutazama wekundu wa damu, akamwambia msichana atoe ulimi. Kisha, kabla ya kusema lolote, alifunua blanketi. Chini ya mablanketi ya wasichana wagonjwa Cicily alikuta maparachichi, chapati za wageni wa Jumapili, na mara moja kuku mzima wa kuchoma aliyefungwa kwa sweta.

"Mdomo unaomba ruhusa," alikuwa akimwambia binti yake. "Mwili ndio unatoa sababu. Na kitanda cha mgonjwa, Karwirwa, hakikosi kuwa na kitu zaidi ya mgonjwa."

Karwirwa alisomea uuguzi, akafanya kazi wodini miaka kadhaa, akapanga nyumba Manyatta, hukohuko Embu. Serikali za kaunti zilipoanza, magari ya wagonjwa yakanunuliwa. Siku ya kuyazindua kulikuwa na hema, kwaya na utepe mwekundu. Wakubwa walipanda wakapigwa picha wameshika usukani, king'ora kikalia watoto wakashangilia. Hakuna aliyeuliza nani atakaa nyuma. Ni kana kwamba gari lenyewe ndilo tiba, na ukishampakia mtu humo ukawasha taa za buluu umeshamponya. Nchi yetu inapenda kununua ving'ora. Mikono ya kukaa nyuma ya ving'ora, yenye mafunzo, yenye usingizi wa kutosha, yenye mshahara unaofika, hiyo hatujaizindua bado.

Karwirwa alijitolea kukaa nyuma. Alipenda kazi ile kwa sababu wodini mgonjwa hugawanywa kwa watu wengi, lakini ndani ya gari yu wako peke yako mpaka umkabidhi. Lakini ilikuwa na gharama yake. Mara nyingi alifika Meru mjini, akamkabidhi mgonjwa karibu sana na Kaaga, kisha akarudi Embu na gari lilelile bila kwenda kumwona mama yake, kwa sababu kulikuwa na mgonjwa mwingine anayesubiri. Cicily alikuwa amestaafu na miguu ilimsumbua. Kwenye simu alisema yuko mzuri.

*

Mzee Gichovi alikuwa mkulima wa Kianjokoma na mzee wa kanisa. Kila Jumapili, tangu alipokuwa kijana, alisimama mlangoni mwa kanisa lao akimshika mkono kila anayeingia na kumjulia hali. Watu walisema ibada bila mahubiri inawezekana, lakini bila Gichovi mlangoni hujui kama umefika. Julai ile, milima ikiwa imefunikwa na ukungu, alikwea mukima, ule mti mrefu ambao watu wa huko huupanda mipakani mwa mashamba ya chai, akate matawi ya kuni. Tawi lenye umande likamtelezesha. Aliangukia ubavu wa kulia.

Hospitalini walikuta mbavu zimevunjika na moja imetoboa pafu. Hewa ilikuwa ikivuja kutoka kwenye pafu na kujaa kifuani, mahali ambapo haina njia ya kutokea. Daktari aliyekuwa zamu, kijana makini, aliingiza mrija ubavuni ili hewa hiyo itoke. Mrija ulishuka mpaka kwenye chupa yenye maji iliyofungwa chini ya machela: hewa hutoka kifuani ikipitia majini, na maji huizuia isirudi. Ukiyatazama maji hayo utayaona yakipanda na kushuka kwenye mrija kila mgonjwa anapopumua. Hata hivyo Gichovi alihitaji daktari wa upasuaji wa kifua na kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi, na siku hiyo vyote viwili vilipatikana Meru.

"Mtazame yeye zaidi ya hiyo mashine ya kupima oksijeni," daktari alimwambia Karwirwa walipokuwa wakimpakia mgonjwa. "Ile betri yake unaijua."

"Naijua," Karwirwa akasema.

Nyuma ya gari alipanda pia Igoki, mke wa Gichovi, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kijani kichwani, amekumbatia kikapu. Alikuwa amekuja na blanketi lake zito la nyumbani. Alimfunika mumewe hadi kidevuni, akalikunja na kulichomeka pande zote, kwa uangalifu, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu. Ndugu yake Igoki, anayeitwa Njue, alifuata nyuma kwa pikapu akiwa na wazee wawili wa kanisa.

Dereva alikuwa Nyamu, Mwembu aliyeijua barabara ya Meru hadi mashimo yake. Alimtania Karwirwa tangu walipoanza safari. "Sista, leo unaenda kwenu. Utanunua miraa ama utanunuliwa na bwana?"

"Wewe endesha, Baba Muthoni. Bwana akinitaka atanipata barabarani, si ndiko naishi."

Hata Gichovi alicheka chini ya barakoa ya oksijeni, kisha akakunja uso kwa maumivu.

Walipita Runyenjes vizuri. Karwirwa alikuwa na utaratibu wake: rangi, pumzi, mapigo, kisha neno la kumpima akili. Alimshika mgonjwa kiganja, akainama.

"Mzee, habari sasa?"

"Mzuri, Sista. Tunashukuru Mungu."

"Maumivu?"

"Kidogo tu."

Mashine ilionyesha oksijeni ya kuridhisha. Maji kwenye chupa yalikuwa yakicheza. Karwirwa alirudi kwenye kiti chake. Barabara ile haina mahali palipotulia. Inashuka mto, inapanda mto, inakunja kulia kabla haijamaliza kukunja kushoto, na aliyelala kwenye machela hubingirishwa kidogo kila kona ingawa amefungwa mikanda.

Karibu na Chuka aliuliza tena. "Mzee, habari?"

"Mzuri," akasema Gichovi.

Igoki alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Unaona? Huyu mtu ni mgumu. Mimi nilijua."

Baada ya Chuka mashine ikaacha kuonyesha namba, ikabaki vistari. Karwirwa aligeuza kile kibanio cha kidoleni, akakihamishia kidole kingine. Vistari. Vidole vya Gichovi vilikuwa vya baridi na vigumu kama vya mchuma chai yeyote.

"Hiyo mashine hufanya hivyo kila kona," Nyamu akasema akimtazama kwenye kioo. "Tukifika Nkubu itarudi. Mzee si anaongea?"

Alikuwa anaongea, hilo ni kweli. Kitu kidogo kilimsumbua Karwirwa ambacho hakuweza kukitaja, kwa hiyo alichukua simu ampigie daktari aliyekuwa akiwasubiri Meru, amwambie wamefika wapi. Simu ikaita, ikapokelewa.

"Habari, daktari," akasema Karwirwa.

"Mzuri sana," akajibu Mzee Gichovi kutoka kwenye machela.

Igoki akaangua kicheko. "Wewe, hujasalimiwa wewe! Sista, huyu msamehe. Hata usingizini ukimsalimia anajibu. Siku moja mwizi alikuja zizini, mbwa akabweka, mtu wangu akiwa amelala fofofo anasema, mzuri, karibu ndani."

Nyamu naye akacheka. Karwirwa hakucheka. Aliiweka simu kwenye kiti bila kuikata.

Hata usingizini anajibu. Ndiyo kusema jibu lile halikuhitaji mtu awe macho. Safari nzima alikuwa akimpima mgonjwa kwa kitu ambacho ulimi wa mzee huyu ungeweza kukifanya bila yeye kuwapo. Alikuwa akibisha hodi kwenye nyumba na kusikia mlango ukifunguka, akaandika moyoni kwamba wenyewe wapo.

Akapiga magoti kando ya machela, uso wake karibu na uso wa mgonjwa. "Mzee, ng'ombe wako anaitwa nani?"

Macho ya Gichovi yalikuwa wazi, yakitazama mahali pasipo na kitu.

"Ng'ombe wako, Mzee. Wa maziwa. Anaitwa nani?"

Midomo ikasogea. "Mzuri," akasema.

Kicheko cha Igoki kikakatika. "Bonasi," akanong'ona. "Anaitwa Bonasi. Alimnunua na bonasi ya chai, akampa hilo jina mwenyewe. Sista, hawezi kusahau Bonasi. Anaweza kunisahau mimi."

Karwirwa alikuwa ameshaanza upya, kama vile hajawahi kumwona mtu huyu. Alivuta mdomo wa chini wa Gichovi atazame ndani, kwa kuwa ngozi yetu nyeusi haitoi siri yake usoni. Lazima uifuate kwenye ulimi na kwenye nyama ya ndani ya midomo. Palikuwa pameanza kuwa na rangi ya zambarau mbivu. Mapigo ya moyo kifundoni mwa mkono yalikuwa ya haraka na membamba. Mishipa ya shingo ilikuwa imevimba. Alitazama chupa. Maji yalikuwa yakicheza.

Gari likaruka shimo, maji yakaruka. Gari likakunja kona, maji yakapanda upande mmoja. Karwirwa aliyatazama. Maji yale yalikuwa yakichezeshwa na barabara. Iwapo pumzi ya mgonjwa ilikuwa ikifika pale au la, hakuna mtu angeweza kujua ndani ya gari linaloruka. Akatia stetoskopu masikioni, akasikia injini, king'ora, na chuma cha machela kikigongana.

"Nyamu, simamisha gari."

"Nini?"

"Simama. Zima king'ora, zima na injini. Nataka kusikia kifua."

Nyamu hakupunguza mwendo. Walikuwa wamekaribia kituo kidogo cha maduka, cha mwisho kabla ya mteremko wa kwenda mto Nithi. "Sista, hapa? Watu wako nje kila mahali. Ukisimamisha hii gari hapa, mzee amekufa. Hata kama anapumua, amekufa. Unajua watu vile wanasema."

Alijua. Kila mtu kwenye barabara ile anajua. Ambulensi inayokimbia ina mgonjwa. Ambulensi iliyosimama ina maiti. Wakiiona imezima king'ora kando ya njia, wanawake hushika vichwa, na kabla dereva hajashuka kuna aliyekwisha kupiga simu.

"Usisimame," Igoki akasema. "Sista, mwanangu, nakuomba. Njue yuko nyuma anatuona. Twende tu. Meru si mbali."

Hapo ndipo Karwirwa aliposhikwa na woga wa kweli. Mbele yake kulikuwa na mteremko wa Nithi na kona zake, kisha mlima wa kupanda, kisha Nkubu, ndipo Meru. Akisimama bure, amepoteza muda wa mtu anayekufa. Asiposimama, atamfikisha Meru akiwa bado hajui ni nini kilichomuua. Mwendo wa gari ulikuwa ukiwafariji wote walio ndani, na haukuwa ukimsaidia hata mmoja.

"Baba Muthoni," akasema, bila kupandisha sauti, "wakisema amekufa tutawaambia hajafa. Simama."

Nyamu akaingiza gari kando, mbele ya duka la pembejeo. King'ora kikafa. Injini ikafa. Maji ya chupa yakatulia tuli. Gichovi alivuta pumzi fupi, tena na tena. Maji hayakupanda wala kushuka. Yalikuwa kama maji ya kisima.

Nje mwanamke mmoja akamwita Mungu kwa sauti, "Ngai," na pikapu ikafunga breki nyuma yao.

"Mama, tumfunue," Karwirwa akasema.

Igoki akalalia blanketi kwa mikono miwili. "Hapana. Si hapa. Mzee wa kanisa hafunuliwi barabarani, watu wanachungulia dirishani. Na baridi hii yote."

"Basi funua wewe, mimi nitaangalia tu. Wewe ndiwe mke wake."

"Sista, nimesema hapana."

Karwirwa alimtazama. Aliujua uso ule. Alikuwa ameuona utotoni, mlangoni mwa bweni, kwenye nyuso za wasichana waliokuwa wakiyashikilia mablanketi yao namna ileile, macho yakikwepa. Haukuwa uso wa aibu. Ulikuwa uso wa mtu aliyeficha kitu.

"Mama," akasema polepole, "kuna nini humo ndani?"

Njue alikuwa amefika, anagonga mlango wa nyuma kwa kiganja na kuita, "Dada! Dada, ameenda?" Igoki akaliachilia blanketi.

"Ni uji," akasema. "Ni uji tu wa wimbi. Walisema asile kitu mpaka Meru. Tangu jana hajala, Sista. Nikaona akifika huko, mahali hatuna mtu, akiamka apate kitu cha moto."

Karwirwa hakungoja zaidi. Akashika mrija kuanzia kwenye chupa, akaufuata kwa vidole kwenda juu, chini ya blanketi, kama mtu anayefuata kamba gizani kutafuta mbuzi. Ulikuwa wazi, ulikuwa wazi, kisha ukapotea. Hapo, kati ya ubavu wa mzee na chuma cha machela, palikuwa na themosi kubwa ya bati, ya maua mekundu, imechomekwa vizuri sana. Kila kona ya kulia ilikuwa imeusogeza mwili juu yake, na mrija ulikuwa umebanwa katikati mpaka ukawa bapa kama utepe.

Akaichomoa themosi na kumpa Igoki bila kumtazama. Akaunyoosha mrija, akausugua kwa vidole ufunguke. Kwa sekunde chache hakikutokea kitu. Alifunua kifua. Upande wa kushoto ulikuwa ukipanda na kushuka kwa shida. Upande wa kulia ulikuwa umejaa na kusimama, hausogei kabisa. Aliugonga kwa kidole ukalia kama debe tupu. Akaweka stetoskopu. Kushoto alisikia pumzi. Kulia hakusikia chochote. Alinyoosha mkono kwenye sanduku akatoa sindano nene, akaifungua. Kama mrija usingepumua, ingebidi aitoboe njia mwenyewe, juu ya ubavu.

Ndipo chupa ilipokoroma. Povu moja kubwa, kisha jingine, kisha mfululizo, hewa ikibubujika majini kama sufuria iliyochemka. Gichovi akakohoa. Karwirwa aliweka sikio lake lote kwenye ule upande wa kulia, na kutoka mbali sana, kama hatua za mtu anayerudi nyumbani, akasikia pumzi ikiingia.

Njue alikuwa ameacha kugonga. Mishipa ya shingo ilishuka taratibu, na maji ya chupa yakaanza kupanda na kushuka pamoja na kifua, gari likiwa limesimama kabisa.

Karwirwa akakumbuka simu. Daktari wa Meru alikuwa bado yuko hewani. Alimweleza kwa maneno machache.

"Sawa kabisa," yule daktari akasema. "Usiiweke mbali hiyo sindano. Mtazame hivyohivyo mpaka mlangoni kwangu. Na Karwirwa, pumua na wewe."

Alipoweka simu, Gichovi aligeuza kichwa. Macho yake yalitafuta, yakampata mkewe.

"Nani amemkamua Bonasi?" akauliza kwa sauti ya mikwaruzo.

Igoki akaketi sakafuni mwa gari na themosi yake mapajani, akalia. Karwirwa alipiga magoti karibu naye. Maneno makali yalikuwa tayari mdomoni, hakuyasema. Huyu mama hakukosea kwa ujinga. Hospitali ilimwambia asimlishe, haikumwambia kwa nini, wala haikumwonyesha mrija ni nini, kama vile mke ni mzigo mwingine wa kupakia. Na yeye mwenyewe Karwirwa alikuwa amelitazama lile blanketi likichomekwa akasema kimoyomoyo, mke mwema.

"Mama, shika hapa," akasema, akauchukua mkono wa Igoki na kuuweka juu ya mrija. "Hii ndiyo njia yake ya hewa. Kazi yako mpaka Meru ni hii. Ukiona kitu kimeugusa, hata nguo, niambie."

Nyamu aliwasha injini. Walishuka Nithi polepole, Karwirwa akiwa na kiganja kifuani mwa mgonjwa na Igoki na mkono kwenye mrija. Mara mbili tena walisimama ili asikilize, na Nyamu hakubisha.

*

Njue alikuwa amepiga simu. Walipokuwa wakiingia Nkubu, kule Kianjokoma watu walikuwa tayari wamebeba mabenchi ya kanisa hadi nyumbani kwa Gichovi, na wanawake wamewasha moto wa chai ya matanga. Ilichukua jioni nzima kuwashawishi kwamba marehemu anauliza habari za ng'ombe.

Tangu siku hiyo Karwirwa hakusalimia mgonjwa tena. Wauguzi wachanga aliopewa awafundishe aliwaambia, "Usimuulize mtu swali ambalo ulimi wake unaweza kujibu peke yake. Na ufunue." Wengine walielewa. Wengine walisema ni kiburi cha Wameru.

Kahawa ilipoiva, Igoki alimwalika kanisani Kianjokoma kwa ibada ya shukrani. Karwirwa alienda moja kwa moja kutoka zamu, nguo za kazi zikiwa zimefichwa chini ya koti. Mzee Gichovi alikuwa amerudi mahali pake mlangoni, amekonda, bega moja limeshuka. Foleni ilikuwa ikienda vizuri. Bwana asifiwe, habari? Mzuri. Habari ya watoto? Mzuri. Alikuwa akimlalamikia kila mtu kwamba benchi moja halijarudi kanisani tangu matanga yake, na aliyenalo anajulikana.

Ilipofika zamu ya Karwirwa, mzee akaushika mkono wake, akamtazama machoni kwa muda mrefu, kwa namna ambayo Karwirwa aliitambua, kwa sababu ilikuwa yake.

"Sista, mama yako umemwona lini mara ya mwisho?"

"Mzuri, Mzee," akasema Karwirwa.

Walio nyuma yake walicheka. Gichovi hakucheka, wala hakuuachilia mkono.

"Sikukuuliza habari," akasema.

Karwirwa aliwaza Kaaga, kengele, miguu ya Cicily iliyovimba ambayo alikuwa akiipima kwa simu miezi yote ile, na jibu alilopewa kila mara, akaliamini. Mzee Gichovi akamsogeza taratibu kando ya mlango, foleni ikapita, naye akaendelea kusalimia huku amemshika vilevile.

Baada ya ibada Igoki alimsindikiza hadi barabarani. Alikuwa na themosi ya bati yenye maua mekundu, imejaa uji wa moto, imefungwa kwa leso.

"Hii si yako," akasema. "Ni ya mama yako. Mwambie imetoka kwa mwanamke mmoja mjinga wa Embu."

"Nitamwambia atazame chini ya blanketi lake," Karwirwa akasema.

Magari ya kushuka Manyatta, kwake, yalikuwa upande ule aliosimama, na utingo mmoja alikuwa tayari anamwita. Karwirwa akavuka barabara akiwa ameikumbatia themosi, akasimama upande wa magari ya Runyenjes, ambako mtu hupata gari la Meru.